Nyimbo mbili za kusifu jua

Kijana mmoja wa parokia yetu, anayemaliza masomo ya sekondari, alitujia baada ya Misa ya Jumapili, uso umekunjamana. Alikuwa amesikia kwamba Zaburi ya 104, ile tunayoiimba siku ya Pentekoste, si mali ya Waebrania hata kidogo; eti iliibwa kwa mfalme mmoja wa Misri, mpagani aliyeabudu jua. «Mwalimu,» akasema, «kama ni wimbo wa jua, sisi twamwimbia nani?» Tukamwambia arudi Alhamisi. Swali kama hilo halijibiwi mlangoni pa kanisa watu wakisukumana. Tena tulitaka kuusoma upya wimbo wenyewe, maana wanaousema ni wengi, waliousoma ni wachache.

Basi tumeusoma, na kando yake tumesoma wimbo mwingine wa jua, uliotoka nchi ya Babeli. Miungu ya nuru katika hadithi za mataifa ni mingi sana. Wajapani wana Amaterasu, mungu wao wa kike, aliyekasirika akajificha pangoni hata ulimwengu ukaingia giza. Wagiriki walikuwa na Helios na gari lake la farasi. Wapersi walimheshimu Mithra. Hao wote tunawaacha leo. Anayetaka kuwapitia wote hufanana na mgeni anayesalimu kijiji kizima asiketi katika nyumba hata moja.

Mfalme yule wa Misri aliitwa kwanza Amenhotep, wa nne wa jina hilo. Alitawala miaka 17 hivi, katikati ya karne ya 14 kabla ya Kristu. Akaligeuza jina lake kuwa Akhenaten, akauacha mji wa baba zake, akajenga mji mpya jangwani kando ya Nili, mahali panapoitwa sasa Tell el-Amarna. Miungu ya zamani akaikataa, hasa Amun, ambaye jina lake lilikwanguliwa kwa patasi katika kuta za mahekalu. Akabaki mmoja tu, Aten, ndilo duara la jua tunaloliona mbinguni kila siku. Wimbo mrefu wa kumsifu umechongwa kaburini mwa Ay, mkubwa mmoja wa baraza la mfalme, ambaye miaka kadhaa baadaye akawa Farao mwenyewe. Mfaransa Urbain Bouriant aliunakili katika miaka ya 1883 na 1884. Ilikuwa bahati kubwa, kwani mwaka 1890 sehemu ya ukuta ilivunjwa katika ugomvi wa watu wa mahali pale, na sehemu hiyo leo twaijua kwa nakala yake tu.

Tuseme kweli bila kuogopa: ni wimbo mzuri. Mwimbaji ana macho. Amemwona kifaranga akilia ndani ya yai kabla halijapasuka, akauliza nani ampa pumzi humo ndani. Amewaona ndege wakiruka toka viotani asubuhi, samaki wakirukaruka mtoni mbele ya jua, watu wakinawa na kuvaa nguo kisha wakashika kazi. Ajua hata jambo ambalo Mmisri angeweza kulisahau kwa urahisi, maana kwao mvua ni haba: kwamba mataifa mengine nao wanyweshwa, ila Nili yao iko juu mbinguni, nayo huwashukia kama mvua milimani. Tena anapotaja nchi ambazo mungu wake azitunza, ataja Siria na Kushi kwanza, Misri mwisho. Mafarao walizoea kuwachora wageni wamefungwa kamba, hata juu ya nyayo za viatu vyao, ili wawakanyage wakitembea. Katika wimbo huu mgeni ana lugha yake, rangi ya mwili wake, chakula chake, na vyote vimetoka kwa mungu mmoja. Mkristu anayesoma hayo asione haya kufurahi.

Lakini msomaji asimame nasi kidogo kwenye mistari ya usiku. Jua likiisha kuzama, nchi yakaa gizani mfano wa maiti. Watu wamelala vichwa vimefunikwa. Hata vitu vilivyo chini ya vichwa vyao vikiibwa, hawatambui. Simba watoka mapangoni, nyoka wauma. Na mungu yuko wapi? Amekwenda kupumzika kwake kwenye upeo wa mbingu. Basi, hakuna neno zaidi. Usiku ni saa ambayo mungu wa Akhenaten hayupo.

Wamisri wa kale hawakuona hivyo. Wao walisimulia kwamba jua likizama laingia katika mashua, lapita nchi ya wafu kwa muda wa saa kumi na mbili, lapigana na joka Apophis, na kila lipitapo wafu waamka na kushangilia. Ni hadithi, ndiyo. Walakini hadithi hiyo ilikuwa na faida yake: mgonjwa asiyepata usingizi na mjane anayelia saa nane za usiku walijua kwamba mungu wao yu njiani, anapigana, atatokea upande wa pili. Akhenaten aliiondoa mashua, akamwondoa na Osiris, mfalme wa wafu, na mahali pao hakuweka kitu cha kumtosha mtu anayelia. Wengi humsifu kwa sababu alifuta miungu mingi akabakiza mmoja. Sisi twauliza kwanza: huyo aliyebaki, usiku yuko na nani?

Na mchana je? Tazameni picha za mji ule. Jua laonekana juu kama sahani, miali yake yashuka, na mwisho wa kila mwali kuna mkono mdogo. Twapenda mawazo hayo ya nuru yenye mikono. Lakini mikono ile inaposhika alama ya uzima, yaipeleka puani mwa mfalme na mwa malkia Nefertiti. Watu wengine wamechorwa wakiinama. Wimbo nao waishia hapohapo: baada ya kupita ulimwengu wote, toka kifaranga hata Kushi, wasema kwamba anayemjua mungu huyo ni mmoja tu, naye ni mfalme mwanawe. Ni kama kisima kilichochimbwa kwa ajili ya kijiji kizima, kisha kamba ya ndoo ikafungiwa nyumbani mwa chifu.

Haya si maneno matupu ya kuwachongea wapagani. Kati ya mwaka 2006 na 2013 wachimbuzi walifukua makaburi ya watu wa kawaida wa mji ule, karibu na makaburi ya wakubwa ya upande wa kusini. Mifupa ilionyesha watu wafupi, waliokosa chakula chema tangu utoto, migongo yao imeumia kwa mizigo, wengi wamekufa kabla ya kuzeeka. Upande wa kaskazini walikuta makaburi mengine ambamo karibu wote walikuwa watoto na vijana. Na mji huohuo ulikuwa na hekalu kubwa lisilo na dari, lenye mamia ya meza za kuwekea sadaka mbele ya jua. Katika nyumba za watu vilionekana pia visanamu vya Bes na Taweret, waliosadikiwa kuwalinda mama wajawazito na watoto. Kumbe wale maskini hawakuridhika na mungu wa mchana peke yake. Mtoto akipata homa usiku, walitafuta wa kumlilia.

Sasa tuichukue Zaburi ya 104, ambayo katika vitabu vya zamani vilivyofuata hesabu ya Kilatini ni ya 103. Kufanana kupo, hatukatai. Giza na simba, mapambazuko na mtu anayekwenda kazini, merikebu majini, viumbe vyote vikingoja mkono mmoja uwape riziki. Mmarekani James Henry Breasted, aliyeandika kwa Kilatini juu ya nyimbo za Akhenaten, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyalinganisha. Lakini wasomeni simba wa Zaburi. Nao hutoka usiku, nao hunguruma. Ila mzaburi asema kwamba wanamwomba Mungu chakula chao. Giza lenyewe ni Mungu aliyelileta. Katika wimbo wa Misri ngurumo ya simba ni dalili kwamba mungu ameondoka. Katika Zaburi ngurumo hiyohiyo ni sala. Jua nalo katika Zaburi ni mtumishi tu ajuaye saa yake ya kutua, kama kengele ya misioni. Halafu tafuteni mfalme katika Zaburi hiyo. Hayumo. Roho wa Mungu atumwa kuufanya upya uso wa dunia yote, wala hapiti puani mwa mkubwa fulani kwanza.

Je, iliibwa? Wataalamu hawapatani. Mwaka 1887 zilionekana pale Amarna barua nyingi za udongo, zaidi ya 300, ambazo watawala wa nchi za jirani waliwaandikia Mafarao. Nyingine zilitoka kwa Abdi-Heba, mtawala wa Yeruzalemu kabla ya Waisraeli kuwa na mfalme. Hivyo njia ya maneno kati ya Misri na Yeruzalemu ilikuwepo. Kwa upande mwingine, wimbo mrefu wa Aten haujaonekana mahali popote ila kaburini mwa Ay. Na mfalme yule alipokufa mji wake uliachwa, jina lake likafutwa, kijana aliyemrithi baada ya muda mfupi akajiita Tutankhamun na kuirudisha miungu ya zamani. Sisi twaona kwamba hata kama mzaburi aliyasikia maneno ya Misri, alifanya kama fundi cherehani aliyepewa nguo ya mtu mwingine: aliifumua yote, akakata upya, akamshonea mwenye mwili mwingine. Mtakatifu Paulo naye aliposimama Atene alitumia maneno ya mshairi wa Wagiriki, wala hakuna aliyemwita mwizi.

Hayo tulimweleza kijana wetu. Alikubali, lakini tuliona hajatosheka. Na kusema kweli sisi pia hatukutosheka, maana kushinda ubishi juu ya wimbo mmoja si kuwajua wapagani. Ndiyo maana tulimfungulia wimbo wa pili.

Huu ni wa Shamash, mungu jua wa Babeli na Ashuru. Una mistari 200 hivi. Nakala zake zilitoka katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, ya karne ya 7 kabla ya Kristu. Si mtamu kama ule wa Misri. Warudiarudia mambo, na mahali pengine mabamba ya udongo yamevunjika, maana yake yakatika. Asiyevumilia ataufunga kabla ya kufika katikati. Nasi karibu tuliufunga. Lakini katikati ndipo penye hazina.

Kwa mwimbaji wa Babeli, nuru si ya kuotesha majani tu; ni ya kuona. Miali ya Shamash imetandazwa juu ya nchi kama wavu. Na ndani ya wavu huo waingia nani? Mfanyabiashara anayebadilisha mawe ya mizani. Mkopeshaji anayetoa kwa kipimo kidogo na kudai alipwe kwa kipimo kikubwa. Hakimu anayepokea rushwa. Hao wote hawafiki mwisho mwema. Kinyume chao yupo hakimu asiyepokea kitu, anayesimama upande wa mnyonge: huyo ampendeza Shamash. Kisha yaja safu ndefu ya watu wanaomlilia: msafiri aliye njiani kwa hofu, mchuuzi mwenye mzigo, mvuvi, mwindaji, mfungwa, mgonjwa ambaye jamaa zake wako mbali. Wote wasikilizwa. Wala si mfalme aliye mlangoni akipitisha maombi yao; kila mmoja aita kwa kinywa chake. Tena Wababeli walisadiki kwamba Shamash akizama hushuka kwa wafu na kuwaamua hata hao.

Tulipowasimulia wakatekumeni mambo ya mizani, mama mmoja anayeuza unga sokoni alicheka kwa sauti. Akasema mungu huyo bila shaka amepita soko letu, ameona makopo yaliyobonyezwa kitako kiingie ndani, ili unga uonekane umejaa kumbe ni nusu. Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Wimbo wa miaka 2600 na zaidi, umeandikwa juu ya udongo kwa ajili ya mfalme wa Ashuru, na watu wa kwetu wanatazama chini! Kwa kipimo chetu hapo ndipo ubora wa maandiko uonekanapo. Wimbo wa Aten wamfanya msomaji astaajabu. Wimbo wa Shamash wamfanya akumbuke kopo lake. Tukiambiwa tuchague mmoja, twachagua huu, pamoja na marudiorudio yake.

Ushirika huo wa jua na haki haukuwa wa wimbo mmoja tu. Kati ya miaka 1901 na 1902 Wafaransa waliokuwa wakichimba Susa, katika nchi ya Uajemi, walitoa jiwe jeusi lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ambalo sasa liko Louvre, mjini Paris. Ni jiwe la sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristu. Aliyezisoma na kuzitangaza alikuwa padri Mdominiko, Jean-Vincent Scheil, na alifanya hivyo mwaka uleule wa 1902. Juu ya jiwe mfalme amesimama, mkono mbele ya kinywa kwa heshima, na mbele yake ameketi Shamash, miali ya nuru ikitoka mabegani. Anayempa mfalme alama za utawala ni jua. Lakini mtaona kwamba mfalme amesimama kama mtu wa kuulizwa. Hapo Wababeli walipita Wamisri wa Akhenaten kwa mbali.

Tusizidishe sifa, hata hivyo. Shamash si Mungu mmoja. Ana baba yake, Sin, mungu mwezi, na wenzake wengi kando yake. Katika wimbo uleule aheshimiwa kama bwana wa waaguzi, na watu wamletea pombe siku ya ishirini ya mwezi. Hapo hatumfuati. Neno lingine latutatiza zaidi. Wimbo waahidi kwamba hakimu mwema atapewa maisha marefu. Sisi tumewazika watu wema wenye umri wa miaka thelathini, na wenye makopo ya kubonyea tumewaona wakizeeka na wajukuu magotini. Mwimbaji wa Babeli hana jibu la jambo hilo, hata swali hajaliuliza. Ayubu aliliuliza.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, uliwataka waamini wayaheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini hizo, nao ulitumia mfano wa mwali wa nuru. Twakiri kwamba mara nyingine makatekista tulifundisha kama kwamba mababu wa mataifa yote hawakuwa na lolote ila mashetani. Maneno hayo ni mepesi, maana anayeyasema hana haja ya kusoma kitu. Lakini kuna wepesi wa pili, wa vijana wetu wa siku hizi, wanaosema miungu yote ni sawasawa na vitabu vyote vimenakiliana. Huyu naye hana haja ya kusoma. Aten na Shamash ni jua moja lilelile, nyimbo zao hazifanani hata kidogo. Basi itakuwaje Zaburi ifanane na yoyote kwa sababu tu imetaja simba na mapambazuko?

Alhamisi iliyofuata kijana alirudi na daftari. Tulimwonyesha Zaburi ya 19, ambayo twadhani ni jirani wa karibu wa Shamash kuliko ile ya 104 ilivyo jirani wa Aten. Nusu yake ya kwanza jua latoka kama bwana arusi na kupiga mbio toka ncha moja ya mbingu hata ncha ya pili, wala hakuna kitu kinachofichika joto lake. Mara, bila onyo, mzaburi aliacha jua na kuanza kusifu sheria ya Bwana. Wengine wamesema ni nyimbo mbili zilizoungwa pamoja. Aliyekwisha kulitazama jiwe la Hammurabi haoni ajabu: jua na sheria vilikaa pamoja siku nyingi katika nchi zile. Ila mzaburi hakuishia hapo kama Mbabeli. Baada ya kusifu sheria aligeukia moyo wake mwenyewe, akaomba asafishwe makosa ambayo hata yeye hayaoni. Kijana alisoma mstari huo mara mbili, akauliza kama yule mama wa unga angeweza kuja siku moja tusome pamoja. Tumewaita wote wawili Alhamisi ijayo, saa kumi, baada ya soko.